Sikio la Redio, Sikio la Hodi

Kabla ya kukuambia kama kitu kinalia vizuri au vibaya, alikuwa anakushika sikio. Hakuomba ruhusa. Alilivuta juu kidogo na nyuma, akakigeuza kichwa chako upande wa mwanga wa mlango, akachungulia humo kama mtu anayetafuta chawa, halafu akatia ncha ya kidole chake kidogo na kukizungusha. Umekuja na hedifoni mpya mfukoni, umevaa shati la kutokea, pengine umetoka mbali, Rutamba au hata Kilwa Kivinje, na sasa umesimama kwenye ukumbi wa nyumba ya watu Mtanda, Lindi mjini, shingo imepinda, bibi wa watu ana kidole sikioni mwako. Akimaliza ndipo anaitikia shikamoo yako.

Sisi tulimwita Somo. Jina lake lipo, na wenye haki nalo wanalijua. Kwa wasioijua pwani yetu, somo ni mwanamke anayemfunda mwali, yaani anayemkalisha binti ndani na kumfundisha usafi, jiko, ndoa, na mengine ambayo hayaandikwi. Alikuwa somo wangu mimi na wa nusu ya wanawake wa mtaa, na hata waliofundwa na wengine walimwita hivyo, kwa kuwa kubishana naye hakukumfaa mtu. Kazi yake ya pili ilikuwa kutoga masikio. Alitumia sindano, uzi uliopakwa nta, na maneno makali. Harusini aliweza kumwona mtu kwa nyuma, amejitanda khanga, limetokeza sikio moja tu, na akakwambia huyo ni binti wa nani na alilia kiasi gani siku ya kutogwa.

Mimi na mume wangu tulikuwa na duka, ukuta mmoja na nyumba yake. Kabla ya enzi za ruksa duka letu liliuza kilichopatikana, na kilichopatikana kilikuwa chumvi, viberiti na maelezo ya kwa nini hakuna sukari. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Mume wangu akawa anakwenda Dar es Salaam, anavuka Rufiji, anarudi na vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza: saa zinazoimba, viatu vinavyowaka taa kisiginoni, na wokimeni. Wokimeni, kwa vijana watakaosoma hapa, ilikuwa redio ya kanda ya kuning'iniza kiunoni. Haikuwa na spika. Ulisikiliza kwa hedifoni, vidude viwili vya kutia masikioni vilivyounganishwa kwa waya. Somo, ambaye kwake kila kinachokaa sikioni kilikuwa hereni, aliviita hereni za redio.

Msimu wa kwanza wa korosho zilinunuliwa zote. Muda si mrefu zikaanza kurudi.

Wa kwanza kurudisha alikuwa mkulima wa Rutamba, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyelalamika kwamba hedifoni zinamuuma, na zikiacha kumuuma zinadondoka. Mume wangu alimwambia atazoea. Somo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka anatengeneza tambuu yake. Aliinuka, akamshika mkulima sikio, akachungulia, kisha akaichukua hedifoni na kuipima kwa vidole. Akasema sikio halina kosa. Hereni ndiyo yenye kosa, imetengenezewa mtu ambaye hajazaliwa huku.

“Sikio likiumia halisikii,” alimwambia mume wangu. “Linajisikia lenyewe.”

Mume wangu alicheka. Mkulima hakucheka, alitaka apewe nyingine, na hiyo nyingine Somo akaichagua yeye. Tangu siku hiyo hatukuuza hedifoni hata moja bila kupita kwake. Hatukuamua hivyo. Wateja ndio walioamua, sisi tukaarifiwa.

Utaratibu wake haukubadilika miaka yote. Kwanza sikio, liwe kavu na safi. Mwenye taka alirudishwa kwao. Kisha anakuvalisha yeye mwenyewe, maana alisema watu huingiza hereni za redio kama wanaoziba panya shimoni. Kisha unapewa kipande cha muhogo mkavu utafune. Taya ikitembea na hereni ikatembea nayo, haifai. Ukifaulu muhogo unapewa ufagio. Wanaume walijaribu kuukataa ufagio, lakini Somo aliwauliza mtu anayesikiliza redio huku amekaa tu ana kazi gani mjini, na kwa kuwa wake zao walikuwa uani wanasikia, walifagia. Ukumbi wa Somo ulikuwa safi kuliko kumbi zote za Mtanda.

Mwisho unaambiwa useme “hodi” kwa sauti yako ya kawaida. Hodi ikikurudia kichwani nene, kama umeisemea mtungini, basi tundu limezibika sawasawa. Ikitoka nje nyembamba, pana mwanya, na penye mwanya besi hutoroka. Hilo neno besi alilipata kwetu dukani. Mengine yote yalikuwa yake mwenyewe.

Kwa masikio yaliyokataa kila hereni, alitengeneza za kwake. Alianza na sponji ya godoro, akaja kwenye mpira wa malapa, akaishia kwenye nta ya nyuki, ile ile ya uzi wa kutogea. Aliipasha, akaifinyanga juu ya hedifoni ingali vuguvugu, akaisukumiza sikioni mwa mtu na kumkataza asimeze mate mpaka ipoe. Ilitoka na sura ya sikio hilo peke yake, kona kwa kona, na haikumfaa mwingine hata ndugu yake. Watu walipanda gari kutoka Kivinje kwa ajili ya nta hiyo. Siku moja akaletewa nta isiyochujwa, ina asali bado, na seremala mmoja wa hapo mjini akalala usingizi wa mchana na hereni zake masikioni, akaamshwa na sisimizi. Alikuja mbio, anatikisa kichwa, anasema maneno ambayo sikujua kama anayajua. Somo alimtia mafuta ya nazi, akasubiri atulie, kisha akamuuliza kama sauti ilikuwa nzuri kabla ya sisimizi. Seremala alikiri ilikuwa nzuri sana. Somo akasema basi hereni haina kosa. Ila tangu hapo nta aliichemsha mara mbili.

Hayo yalikuwa ya sikio. Ya sauti yalikuwa na kanda yake, na hiyo kanda ndiyo iliyomfanya asiwe bibi mchekeshaji tu.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, aliyeondoka Lindi kufanya kazi ya mashine melini. Muda mrefu haukuja ujumbe. Kisha akaja mtu kutoka Unguja, ambaye naye alipewa na mtu, akaacha kanda moja kwetu dukani akaendelea na safari zake. Haikuwa na anwani wala jina la mji. Ndani yake kijana anamsalimia mama yake, anasema yeye mzima, hofu ni kwao. Anataja majirani mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, mpaka mbuzi wetu aliyekuwa amekwisha chinjwa. Anasema joto ni kali na kazi ipo. Karibu na mwisho anasema “huku nilipo,” halafu ananyamaza, kama mtu aliyegeuza kichwa. Katika kimya hicho kitu kinalia, mara moja, kwa mbali. Kisha anaongea tena kidogo, anasema basi mama, kanda inakwisha, na kweli inakwisha. Baada ya hiyo haikuja nyingine.

Somo alisema kilicholia ni mtoto mchanga. Na kama ni mtoto, basi mwanawe ana mke, ana nyumba, yupo anayemwekea maji ya kuoga. Hakupotea, amechelewa tu. Kama si mtoto, basi ni mtu mmoja peke yake chumbani, katika mji usiojulikana, anaongea na mashine. Hicho ndicho alichokitafuta kwenye kila hereni iliyopita Mtanda. Sote tulijua, naye alijua kwamba tunajua, na hakuna aliyekuwa akilitaja ila kwa mzaha.

Fundi redio alikuwa amemwonya kwamba kanda huliwa: kila inapopita kwenye mashine huacha kidogo cha sauti yake. Kwa hiyo hakuicheza ovyo. Ilikaa ndani ya kibweta, imefungwa kwenye kitambaa, na sehemu ya mwisho aliitafuta kwa kuizungusha na kalamu ya wino, taratibu, akihesabu kimoyomoyo. Kila hereni ilipewa sikizo moja, la kile kipande cha mwisho, basi. Hereni iliyoshindwa muhogo haikuonjeshwa kanda. Betri zilizotumika zilikuwa mpya kila mara, na ole wako umpe zilizokwisha onja tochi, maana mashine yenye njaa hutafuna kanda.

Hukumu zake zilikuwa fupi. Hii imemeza pamba. Hii inaongea kwa kikohozi. Hii inazomea kila penye herufi sa. Hii mtu yuko chumba cha pili na mlango umerudishiwa. Hii imemleta karibu lakini imemvalisha ndoo. Mara chache sana alisema “hii inasema kweli,” na hapo mteja aliilipia haraka kabla hajabadili mawazo. Wateja wenyewe walitaka kusikiliza muziki wa dansi, si salamu za mtoto wa watu, lakini niliona jambo moja: zile zilizomridhisha yeye ziliwaridhisha na wao. Ngoma, gitaa, Kurani, hotuba, zote zilikaa mahali pake. Mtu aliyetafuta kilio kidogo chini ya sauti kubwa hadanganywi na besi.

Mtaani kukawa na pande mbili. Vyama vingi vilikuwa vimeingia nchini, watu walikuwa na ari ya kugawanyika, na Mtanda ikapata chama cha mtoto na chama cha paka. Chama cha paka kiliongozwa na Mwalimu, jirani wa upande wa pili, mstaafu, mtu mpole aliyefundisha karibu kila mtu pale ambaye Somo hakumfunda. Aliwahi kupewa hereni asikilize, akasikiliza kwa makini, macho ameyafumba, akazivua, akamrudishia kwa mikono miwili.

“Ni paka, Somo.”

“Paka wa nani?”

“Hilo kanda haisemi.”

Somo alimwambia kwamba paka ni wa barabarani, analia dirisha lolote, hana maana yoyote. Hakumsemesha mpaka Mfungo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja. Kisha akamtumia sahani ya bokoboko na hedifoni nyingine ajaribu tena. Mwalimu alikula bokoboko, akajaribu, akasema bado ni paka. Nilimheshimu sana kwa hilo, na nilitamani aongope. Mimi mwenyewe nilipoulizwa niko chama gani nilisema mwenye duka hana chama.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kusikiliza. Hili ndilo lililotushangaza. Somo alikuwa hasikii la mtu. Ukianza habari yako alishaimaliza. Ukimwambia umeumwa, alikwambia dawa kabla hujasema wapi. Mume wangu alikuwa akisema masikio hayapiti kichwa, akimaanisha kwamba hata yawe hodari namna gani, mwenye kichwa kigumu ni mwenye kichwa kigumu. Muziki aliuona kelele. Taarabu alisema ni ugomvi wenye fidla. Yeye mwenyewe aliongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, hasa palipotakiwa siri, na siri zangu mbili tatu ziliwahi kufika sokoni kabla yangu.

Na bado aliweza kukaa chumbani, mlango umefungwa, na akajua uani kunafanyika nini. Nilipokuwa mwali alinifundisha kukuna nazi kwa namna yake, na namna yake haikuwa na mjadala. Unakuna mara tatu, mkono mrefu, bila haraka, kisha unasimama na kugeuza kifuu. Tatu tena, unageuza. Usikwangue sehemu moja mpaka ukafika kwenye maganda meusi, tui litaingia weusi na mume ataona hukufundwa. Mimi nilikuwa na haraka. Nilikuna tano, sita, na kutoka ndani sauti ilikuja, “Geuza!” Nilidhani ananichungulia penye ufa. Nikaenda kutazama, ukuta haukuwa na ufa. Wanawake wote aliowafunda wanakuna hivyo hadi leo, na somo wengine wa pwani nao hufundisha vivyo hivyo, maana walifundwa na wale wale. Ukipita uchochoroni jioni unasikia: tatu, kimya, tatu, kimya.

Kulikuwa na amri moja ambayo wateja walilalamikia kuliko ufagio. Hakuruhusu hereni zote mbili zivaliwe kwa pamoja ila wakati wa kupima. Sikio moja la redio, alisema, moja la hodi. Mtu aliyeziba masikio yote mawili ameifunga nyumba yake kwa nje. Vijana walimweleza kuhusu sauti ya pande mbili, kwamba upande huu kuna gitaa na upande ule ngoma, kwa hiyo ukivaa moja umekosa nusu. Alifikiri, akasema basi huo ni wizi, mtu kauza wimbo mmoja kwa vipande viwili. Na yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa zote, hata wakati wa kupima, hata kwa kile kipande cha mwisho cha kanda. Kulia aliweka hereni. Kushoto aliliacha wazi, limeelekea mlangoni.

Nilimuuliza mara moja tu kwa nini, tukiwa tunachambua mchele. Nilimwambia angeziba yote mawili angesikia vizuri zaidi, maana hata mtoto anajua hivyo. Alinitazama kama mtu aliyekosea kunifunda.

“Na akija nikiwa nimeziba?” alisema. “Apige hodi, asiitikiwe, aondoke?”

Mwanawe alikuwa amekaa miaka mingi bila kurudi, na yeye aliona hatari kubwa ni ule muda mfupi wa kipande cha kanda. Nilichambua mchele wangu. Nilimpenda sana siku ile, na kama ningemwambia angesema moshi wa jiko umeniingia kichwani.

Biashara ya wokimeni ilikufa, kama kila kitu cha ruksa, kwa kuingia kingine. Mume wangu alifariki, duka nikalikodisha, nikahamia Dar es Salaam kwa binti yangu. Mkwe wangu ni mtu mwema mwenye ugonjwa wa sauti. Ana spika zisizotakiwa kuguswa na waya anazozilaza kama vifaranga. Siku moja alinionyesha hedifoni zake mpya, ndogo, zenye vifuniko vya mpira vya kuingia ndani kabisa ya tundu, na kwenye kisanduku chake vifuniko vingine vya ukubwa mbalimbali, kila mtu achague vinavyomkaa. Akanieleza kwamba sauti haianzi kwenye hedifoni, inaanzia kwenye kukaa kwake. Pakiwa na mwanya besi hupotea. Nilimwambia nafahamu. Akaniuliza nimefahamia wapi, nikamwambia Mtanda, akadhani namtania.

Nilikuwa naenda Lindi kwenye harusi. Nilimwomba hizo hedifoni kwa siku chache, na alinipa, na masharti mengi kuliko ya mahari. Nikachukua pia wokimeni ya mwisho iliyobaki dukani, ambayo sikuwahi kuiuza, na betri mpya ambazo hazijaonja tochi.

Nilimkuta alasiri, amekaa ukumbini, amepungua mwili, mguu mmoja umevimba. Ukumbi ulikuwa na vumbi. Nilisema shikamoo, Somo, hakuitikia. Alinyoosha mkono, akanivuta sikio, akachungulia.

“Marahaba, mwali wangu. Umenenepa mpaka ndani.”

Nilimpa kisanduku. Alivitoa vile vifuniko vya mpira kimoja kimoja, akavibonyeza, akavinusa, akauliza kama vina asali. Aliposikia kwamba vinauzwa hivyo, kwa saizi, alivipanga mapajani kwa ukubwa. Kisha akasema waliovitengeneza walichelewa. Alijipima mwenyewe: muhogo haukuwepo, akatafuna tambuu, ufagio niliushika mimi, kwa kuwa mguu ulimkataza, naye akatikisa kichwa badala ya kufagia. Kifuniko cha kati kilikaa kulia. Akasema hodi, akasikiliza hodi yake mwenyewe, na uso ukabadilika.

“Imo,” alisema. “Yote.”

Kibweta kilikuwa pale pale. Aliizungusha kanda kwa kalamu, akanipa niitie kwenye mashine. Nilikuwa na kidole kwenye kitufe aliponizuia. Alikuwa ameishika hereni ya kushoto, anaigeuza geuza.

“Kaa mlangoni,” alisema. “Mtu akipiga hodi, uitikie wewe. Usisite. Uitikie kwa sauti.”

Nilikaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo, uso njiani. Nilijiambia hapana cha kuogopa. Ni mwanamke mzee tu, na waya. Alivaa ya kushoto. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza kitufe. Njiani alipita mtu na baiskeli, alipita kuku, hakupiga hodi mtu.

Kipande kile si kirefu. Kilipokwisha mashine ilijizima yenyewe, tak, naye hakuzivua.

“Ni paka,” alisema. Kwa kuwa masikio yalikuwa yamezibwa, alisema kwa sauti iliyofika kwa jirani. “Mwalimu, Mungu amrehemu, alikuwa na haki. Heri hayupo kusikia.”

Niliumia. Nilijilaumu kwa kuleta kile kisanduku, na nikamlaumu mkwe wangu na waya zake. Miaka yote alikuwa na mjukuu, mimi nimekuja kutoka Dar es Salaam kumnyang'anya. Nilianza kusema kwamba mashine ni ya zamani, kwamba haimaanishi kitu, na yeye, kama kawaida yake, hakuwa ananisikiliza.

“Na kuna mtu anakuna nazi,” alisema.

Alizivua akanipa. Alirudisha kanda mwenyewe. Nilivaa, na nakiri nilivaa kwa hofu, kwa sababu nimeuza kanda nusu ya maisha yangu na najua kanda iliyochakaa hukwaruza, na sauti ya kukwaruza ni rahisi kuifanya chochote unachokitaka. Kijana alisema “huku nilipo.” Akanyamaza. Paka akalia, paka wa wazi kabisa, paka aliyeona kitu cha kula. Na chini yake, mbali, ng'ambo ya ukuta, palikuwa na ule mkwaruzo. Kijana akaanza kuongea tena, na mkwaruzo ukaendelea huku anaongea, kwa hiyo hakuwa yeye. Mara tatu, mkono mrefu. Kimya. Mara tatu. Kimya. Mpaka basi mama, kanda inakwisha.

Kanda iliyochakaa hukwaruza mfululizo. Haisimami kugeuza kifuu.

Nilizivua. Somo alikuwa ananitazama mdomo, kama mteja anayesubiri hukumu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona upande huo.

“Anakuna au hakuni?”

“Anakuna, Somo.”

“Anageuza?”

“Anageuza.”

“Huyo kafundwa,” alisema. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, machozi yalikuwa mengi na hakuyaficha, nami yangu sikuyaficha. Kisha akasema kwamba hereni ni nzuri, zinasema kweli, ila ya kushoto inabana kidogo, nimwambie huyo mkwe wangu. Akazichukua akavaa tena, zote mbili, akanionyesha kitufe kwa kidole.

Nilimwambia itachakaa.

“Ichakae,” alisema.

Nikarudisha nyuma kile kipande, nikabonyeza, nikarudi kukaa mlangoni.